Wa Buhongwa na wa Nansio

Mnada wa ng'ombe Buhongwa ulikuwa umefurika vumbi na kelele. Nkwabi, aliyepeleka madume mawili ya baba yake, alimwona dada wa gauni la njano amechuchumaa, anachota mavi ya ng'ombe kwa kijiko.

"Dada, chakula kinauzwa upande ule."

"Na wewe unauzwa upande gani, kaka?"

Nkwabi alicheka mpaka kamba ikamponyoka. Huyo ndiye Jovitha, binti wa mwalimu wa Nansio, mtaalamu wa maabara anayechunguza kuvu wa kwenye mavi.

Miezi minane baadaye, Nkwabi alimtuma baba yake mdogo, Ngosha, avuke ziwa kwenda Nansio na barua ya posa. Mchana ujumbe wa Jovitha ukaingia: "Wa Buhongwa na wa Nansio wamekutana. Wamekataana kabisa."

Nkwabi akashika simu. Akampigia Ngosha, hapatikani. Akampigia Jovitha, hapokei. Akawasha pikipiki mpaka maabara anakofanya kazi Jovitha, Igogo.

"Kwetu tumekosa nini, Jovi?"

Jovitha, kwenye koti jeupe lililomzidi mikono, alikodoa macho. Kisha akashika mdomo. "Mungu wangu! Ule ujumbe nilikuwa namtumia bosi wangu, Wilhelmina! Njoo uone."

Kwenye kisahani kulikuwa na madoa mawili ya kuvu, na mstari katikati.

"Huyu nilimtoa kwenye mavi ya Buhongwa, huyu ya Nansio. Tunawaita kwa jina la kwao. Nyuzi zao zikigusana huungana. Zisipopatana, seli zilizoungana hufa, pengine ili maradhi yasivuke."

"Nani anaziamuru?"

"Protini. Moja ikijikunja kwa namna fulani, jirani yake huiga, na jirani wa jirani. Ndiyo prioni."

"Si ndizo zinazowatia ng'ombe kichaa?"

"Zile ni nyingine, tabia tu inafanana. Hizi inaelekea zilianza kama king'ora. Mlinzi, yaani protini moja, akigundua adui, anajikunja, anayefuata anamwiga, habari inafika na seli inajiua. Vizazi vikapita, kuigana kukaanza kwenda kwenyewe."

"King'ora kinalia bila mwizi?"

"Kama wewe leo, mpenzi."

Simu ya Nkwabi ikaita. Ngosha. Jovitha akaidaka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mwalimu barua ameisoma. Anasema jibu si lake, ni lako."

Nkwabi akasogeza sikio kwenye simu.

"Nimekubali," Jovitha alinong'ona.

"Unasemaje? Huku upepo!"

Wenzake wote wa maabara walikuwa wameacha kazi, wanamtazama. Jovitha akafumba macho. "NIMEKUBALI!"

Maabara ikalipuka kwa vigelegele. Nkwabi akaichukua simu. "Baba mdogo, umesikia?"

"Nilisikia tangu mara ya kwanza. Nilitaka mwalimu naye asikie."