Kofia ya Kupogoa Sauti

Haya ni kweli tupu, hayana hata punje ya chumvi, na anayebisha apande treni ya sumaku aende Kisarawe akaulize. Siku ile kofia ya Daktari Kabula ilifanya kazi kuliko alivyoiomba.

Mwenyewe aliiita mpogoasauti. Ubongo wa mgonjwa wa skizofrenia, maradhi ya kusikia sauti zisizokuwepo, humwaga kupita kiasi dopamini, kemikali inayoupa ubongo ishara kwamba jambo ni muhimu, basi kila kitu hupata uzito: mlango ukilia, ni ujumbe, jirani akikohoa, ni njama. Kofia ilisikiliza anachosikia mgonjwa, ikaisaka sauti ya uongo, ikakata nyuzi za neva zilizoibeba, pamoja na kumbukumbu zilizoshikana nazo. Zikikatwa haziungiki. Kabula ndiye aliyeifundisha: anayetukanwa ovyo, au kusemeshwa na marehemu, anasikia uongo. Kata.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa Shija, mdogo wake. Wafadhili wa kofia walipokuja kumtazama, walimkuta kwenye msiba wa mama yao, kofia kichwani, ametulia.

Ila Wanyamwezi hawaziki bila watani, watu wa kabila la utani wenye ruhusa ya kutukana hata msibani. Bi Mwantumu, Mzaramo, alijifunga khanga ya marehemu, akajilaza kando ya jeneza na kuiga sauti yake.

"Shija! Mvivu wee, umeniua kwa njaa! Kichwa boga, akili ya kuku!"

Waombolezaji wakaangua kicheko. Shija akacheka huku machozi yakimtoka. "Mama, hata jenezani mdomo huufungi!"

Kofia ikanguruma. Tusi. Marehemu. Kata.

Kabula akaelewa papo hapo: kofia imeudhania utani kuwa ugonjwa. Mkono wake ukaigusa mfukoni swichi ya kuizima.

"Mbona inanguruma, Daktari?" mfadhili akanong'ona. "Imeharibika?"

Mkono ukaiachia. "Hapana, mheshimiwa. Inatibu."

Bi Mwantumu akazidisha matusi, kofia nayo ikazidi kukata. Kicheko cha Shija kikakoma katikati.

"Mtani, nirudishie basi! Nitukane!" Bi Mwantumu akamhimiza. Shija alimtazama kama mtu anayetazama ukuta. Bi Mwantumu akamgeukia Kabula. "Umemfanya nini mdogo wako?"

"Amepona. Hebu tupishe tuzike."

"Thubutu!" Bi Mwantumu akakalia jeneza. "Halitoki mpaka nipewe changu. Nataka hicho unachokipapasa mfukoni."

Mtani hanyimwi fidia yake. Mbele ya wafadhili wote, Kabula akaitoa swichi. Bi Mwantumu akazima, kofia ikanyamaza. Kisha akamwinamia Shija sikioni, kwa sauti ya marehemu, taratibu: "Mwanangu. Ni mimi."

Shija akageuka kwa adabu.

"Shikamoo, bibi. Samahani, hapa kafa nani?"