Kisima cha Mahame

Rafiki yangu Helena alinisimulia hili mara moja tu. Mwaka wa sabini na tano, akisomea biolojia Chuo Kikuu, alikwenda Mitole kuchunguza vyura. Mwenyeji wake, Bi Kidawa, akampeleka kwenye kisima cha mahame, kijiji cha zamani kilichoachwa watu wote walipohamia kijiji cha ujamaa. Ilikuwa mchana, lakini msitu ulifunga giza.

Helena alipoteremsha ndoo, vyura wakanyamaza ghafla. Sauti ya mtoto ikalia kisimani: “Mama, nivute!”

“Vuta, mwanangu!” Bi Kidawa akampigia Helena ukelele.

Walivuta wote wawili hadi viganja vikachubuka, kamba isisogee. Kilio kikafifia, kikakoma. Ndipo kamba ikalegea. Ilitoka bila ndoo, ncha yake imefungwa kitanzi cha kumtosha mtoto kiunoni.