Kibonge na Bimkubwa

Walikutana kwenye zahanati ya wanyama, Jumamosi asubuhi, mbwa wanabweka na hakuna pa kukaa. Msusi, kavaa gauni la njano, alipakata kikapu alimonguruma paka wake wa kijivu, Bimkubwa. Kijana mmoja mwenye ovaroli la fundi friji akajibana kando yake, kakumbatia boksi lenye matundu.

"Dada, huyo wako ananitukana?"

"Anakutukana wewe na huyo uliyemfungia kwenye boksi."

Fundi akacheka mpaka watu wakageuka. Wakapeana namba, na haikupita muda wakawa hawalali bila kusikilizana sauti. Fundi alipokwenda kujitambulisha kwa mama yake Msusi, mama alimpokea kwa uso wa mtu aliyeuziwa maziwa yaliyochacha. Hata hivyo, harusi ikaanza kupangwa.

Kabla ya bwana harusi, alihamia kwa Msusi paka wake, Kibonge, maana mwenye nyumba wa Fundi hakutaka tena kumwona. Msusi akaweka sharti: Kibonge akae chumba cha nyuma, mlango ufungwe. Wazoeane harufu kwanza, wabadilishane matandiko, wale huku na huku ya mlango. Bimkubwa alikuwa paka wa marehemu dada yake Msusi. Msusi hakuwa tayari kumpoteza naye.

"Ukifungua kabla sijasema, utanitambua."

"Nimesikia, malkia wangu. Mwenyewe namwogopa."

Bimkubwa alishinda mbele ya mlango ule akifoka. Kisha akaanza kufoka kidogo kidogo.

Alasiri moja Msusi alirudi kutoka saluni akakuta mlango uko wazi. Manyoya yametapakaa, pazia limechanika, kuna damu kwenye vigae. Kibonge alikuwa juu ya kabati, sikio limeraruka. Fundi alisimama sebuleni, mikono yote michubuko.

"Bimkubwa yuko wapi?"

"Katokea dirishani. Nimemtafuta mtaa mzima."

"Nani kafungua?"

"Nisamehe, mpenzi."

"Kungoja tu kumekushinda! Chukua paka wako, uondoke."

Akaondoka na boksi lake.

Msusi alizunguka vichochoro akiita mpaka sauti ikamkauka. Simu za Fundi ziliita, hakupokea. Kesho yake akamkuta Bimkubwa nyuma ya tangi la maji la jirani, anachechemea, macho yamemtoka. Alikuwa anamfuta vumbi, simu ya mama yake ikaita.

"Mwanangu, paka kapatikana?"

Msusi akaacha kufuta. "Mama, umejuaje kuwa kapotea?"

Upande wa pili, kilio. "Nilipita kuchukua masufuria yangu. Nikasikia Kibonge anakwaruza mlango, nikamwonea huruma, nikafungua. Mwenzio akatokea, akawaamua. Paka wa marehemu, mwanangu! Nikamwomba asikwambie."

Msusi alikata simu, akampigia Fundi.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungemfukuza mama."

"Ningemfukuza kweli! Lakini umeniacha nikuchukie bure. Usinifiche tena kitu, hata kwa wema."

"Sirudii. Na Bimkubwa?"

"Karudi."

Fundi alishusha pumzi ndefu, na Msusi akasikia analia.

"Njoo na Kibonge," akasema. "Tunaanza upya."

Wakaanza upya. Fundi akafungiwa chumba cha nyuma na Kibonge na sahani ya chakula. Msusi akaketi sakafuni upande wa pili na Bimkubwa na sahani yake. Mkono wa Kibonge, wa rangi ya chungwa, ukapenya chini ya mlango. Bimkubwa akaukodolea macho, masikio yamelala nyuma. Akasogea, akaunusa, akaunusa tena. Akarudi kula.

"Mbona kimya?" Fundi akanong'ona. "Kakasirika?"

"Anakula." Msusi akaegemeza kichwa mlangoni. "Bado unanioa?"

"Fungua nikujibu."

"Sifungui. Jibu hapo hapo."

"Nakuoa."

"Haya. Ongea taratibu, utawashtua."