Hela ya Moshi

— Bi Otylia, hela ipo. Haipo huko kwenu tu.

— Iko wapi sasa?

Mtu wa wizarani Warsaw akakohoa kwenye simu.

— Imepunguza bili za umeme nchi nzima. Iliyobaki imeziba mashimo ya bajeti. Mwaka wa uchaguzi huu, unaelewa. Vuteni subira mpaka kiangazi.

Otylia alikata simu, akaegemeza kichwa kwenye dirisha la ofisi ya halmashauri. Alikuwa amechoka hata kukasirika kukamshinda. Tangu masika alikuwa akipita nyumba kwa nyumba katika mji wao wa migodi huko Silesia, akieleza kwamba mitambo ya umeme inanunua ruhusa ya kutoa moshi, serikali inapokea hela, na hela hiyo ndiyo itakayowawekea pampu za umeme za kupasha nyumba joto, badala ya majiko. Sharti lilikuwa moja: uvunje kwanza jiko lako la makaa ya mawe, upige picha, ndipo ulipwe. Watu wa Silesia wanapenda utaratibu, wakavunja. Mama yake mwenyewe, Hildegarda, alivunja. Sasa theluji ilikuwa nje, na bi mkubwa alikaa sebuleni na makoti mawili mwilini.

Na Alojz alikuwa amemwonya. Alojz ni msafisha dohani, yale mabomba ya moshi ya majiko, na alikuwa mchumba wake.

— Oti, usimwage maji ya mtungini kwa kusikia ngurumo.

— Sema tu unaogopa dohani zitakwisha ukose kazi.

Alimjibu hivyo mkutanoni, mbele za watu. Alojz alivaa kofia yake akaondoka, na tangu hapo hawakusemezana.

Simu ikalia. Ujumbe, kutoka kwa Alojz: "Niko kwa mama yako. Mwambie aache kunilisha."

Otylia alimkuta amepiga magoti sebuleni, masizi mpaka masikioni, akipanga vigae vya kijani kuzunguka jiko lililofika kiunoni. Mama alikuwa kitini, ameshika kifungo cha koti lake, kama kila mtu hapa afanyavyo akimwona msafisha dohani, ili bahati isimpite.

— Vigae vyetu si tulivitupa? Otylia akauliza.

— Hivi vyangu.

— Vya jiko la bibi yako? Alojz, na wewe ulivunja?

— Kesho yake baada ya ule mkutano.

— Si ulikuwa unapinga?

— Nilikuwa naogopa hela haitakuja. Lakini ulisimama pale peke yako, Oti. Nikaona watu watasema hata mchumba wake hamwamini.

Otylia akakalia ndoo ya udongo iliyofunikwa ubao. Aliona haya, akaona uchungu, na chini ya yote aliona bado anampenda mtu huyu, tena vibaya.

— Na baridi hii unalalaje?

— Na soksi tatu.

Mama akadakia:

— Jiko lake likikaa hapa, na yeye atakaa hapa. Nimemaliza.

— Mama.

— Usiniite Mama kwa sauti hiyo. Makoti mawili haya nimevalishwa na nani?

Otylia akamgeukia Alojz.

— Nisamehe kwa yale maneno. Jumatatu naitisha mkutano, niwaambie hela yao imekwenda wapi.

— Watakuzomea.

— Najua. Utakuja?

— Nitakaa mbele kabisa. Wakimaliza kuzomea watataka mtu wa kuwajengea majiko.

Akasema bila kucheka, lakini mkono wake uliacha kigae. Otylia akainuka, akasogea, akashika kifungo cha koti la Alojz, cheusi kwa masizi.

— Kifungo hushikwa chako mwenyewe, Mama akamkumbusha. Cha mwenzio hakina bahati.

— Najua, Mama, akasema Otylia, wala hakukiachia.