Kiapo cha Ellyn Tarrant

Ilianza na harufu. Msimu mzima hakuna fundi aliyeshika msumeno katika jumba la maigizo la Tarrant, kule Southwark, lakini kila Ellyn alipopanda roshani ya juu kutazama mchezo, alinusa mbao za mwaloni zilizokatwa sasa hivi. Ndivyo alivyonukia mumewe, marehemu Gawen, aliyelijenga jumba hilo na ndugu yake, Lambert.

Ndugu hao walikubaliana nusu kwa nusu, kwa kupeana mikono tu, shahidi akiwa Ellyn peke yake. Gawen alipozikwa, Lambert akadai nusu yake mahakamani. Ellyn akashika Injili, akaapa kwamba mapatano hayakuwapo. Aliogopa kurudi kufua nguo za watu, basi.

Alasiri moja, watu chini wakimcheka mchekeshaji hadi kumwagiana bia, harufu ilizidi, benchi likalia kama linakaliwa, ubaridi ukampita shingoni, na katikati ya vicheko vile vyote akasikia sauti aliyoijua kuliko yake mwenyewe ikinong'ona, "Ellyn, mke wangu, umenifunga humu. Misumari inaniuma."

Alikimbilia kwa Bibi Sabin, mtoa pepo wa mtaani.

"Mwanangu, kiapo chako ndicho kinachomshikilia kwenye zile mbao," bibi alimwambia. "Kakifute mbele ya jaji, atakwenda zake."

"Hatarudi tena?"

"Arudi kufanya nini? Atapumzika."

"Na nikiapa tena?"

Bibi Sabin alimfungulia mlango atoke. "Hilo usiniulize."

Siku ya hukumu ya kesi yao, Lambert alimsubiri kwenye mlango wa mahakama, kofia mkononi. Habari za roshani zilikuwa zimemfikia.

"Shemeji, jumba chukua lote," alisema kwa sauti ya chini. "Sema kweli tu. Yule ni ndugu yangu."

Ellyn alitaka kuisema. Halafu akakifikiria kitanda chake, upande mmoja mtupu, mwaka huu na miaka yote iliyobaki, na moyo ukamvunjika upya. Jaji alipomuuliza, aliweka mkono juu ya Injili akaapa tena kwamba mapatano hayakuwapo.

Alirudi mbio hadi roshani. Jumba lilikuwa tupu. Gawen hakumlaumu hata kwa neno moja. Alikuwa analia tu ndani ya nguzo, kwa kwikwi, kama mtoto aliyepigwa, na Ellyn akaikumbatia nguzo ile, akaiwekea shavu, akawa anambembeleza.

"Nyamaza, mume wangu. Nipo."