Maji ya Kiyoyozi

Walikutana sokoni, penye msongamano wa wauza vitambaa. Fundi viyoyozi alikuwa amebeba bomba la shaba begani; alipogeuka kumjibu mchuuzi, ncha yake ikanasa mtandio wa zambarau wa mshonaji mmoja na kuondoka nao kama bendera. Watu wakacheka. Aliomba radhi mpaka mshonaji naye akacheka, kisha akaomba namba ya simu ili, alivyodai, alipe mtandio ambao haukuchanika.

Simu zikafuata, asubuhi na jioni. Fundi akambandika mshonaji jina la Samaki, kwa sababu kila walipoonana alikuwa na chupa ya maji mkononi. "Wewe ukikosa maji utapigapiga mkia," alimtania. Lakini kila adhuhuri Samaki alizima simu. Hakukubali kushikwa kiuno, na manukato aliyojipulizia yalitangulia kufika kabla yake.

Siku moja fundi alimpigia akamuuliza kama kuna mwanamume mwingine.

Mshonaji alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Shangazi yake alikwisha sema mbele ya wageni kwamba ule ni ugonjwa wa wanawake waliotembea sana, na tangu hapo aibu ilimkaa kooni kama mwiba. Aliona heri aitwe msaliti kuliko fundi ajue kinachotoka mwilini mwake.

"Yupo," alisema, akakata simu.

Siku chache baadaye, hospitalini, alimuuliza daktari kuhusu dawa aliyoisikia redioni, ya chembe ndogo mno ziitwazo nano, zinazobeba tiba hadi kwenye uvimbe wenyewe. Je, asiache mionzi aliyokuwa akipigwa kila adhuhuri akaisubiri hiyo, ajitibu asionwe na mtu? Daktari alimjibu kwa upole kwamba inatia matumaini, ila bado inajaribiwa.

"Uvimbe hausubiri, mwanangu. Kunywa maji yako."

Maana mionzi ya nyonga hupigwa kibofu kikiwa kimejaa, ili utumbo usogee pembeni. Akanywa, akakaa kwenye benchi mlangoni, akiwa na gauni la hospitali. Mara chumba cha mashine ya mionzi kikapata joto, mashine ikazimwa, akaitwa fundi viyoyozi.

Alikuwa yeye. Aliweka ndoo chini ikinge maji ya kiyoyozi, akapanda ngazi pale mlangoni bila kutazama benchi. Mshonaji alijifunika uso kwa mtandio wa zambarau, akabana mapaja. Angeinuka kwenda msalani angeonekana. Alibana mpaka mwili ukashindwa, maji yakatiririka sakafuni mbele ya foleni nzima. Mama mmoja akasonya.

Fundi aligeuka. Aliuona mtandio, kisha sakafu. Alishuka, na mguu wake ukaipiga ndoo iliyojaa maji ya kiyoyozi, yakamwagika yote hadi chini ya benchi.

"Samahanini," aliwaambia watu. "Kiyoyozi kimevuja. Nimemlowesha dada wa watu."

Akamfunika magoti kwa koti lake la kazi. "Yule mwingine," alinong'ona, "ndiye mashine hii?"

"Ndiye. Nenda zako. Naona haya."

"Niende wapi? Nikiondoka chumba kitachemka." Alichukua chupa tupu, akaenda bombani, akarudi nayo imejaa. "Anza upya, Samaki. Ukitoka utanikuta kwenye benchi hili."

Alikunywa, macho bado chini. Chumba kilipopoa na zamu yake kuitwa, aliingia na koti lile mabegani. Simu alimwachia fundi, ikiwa imewashwa.