Helmeti ya Dalton

Rafiki yetu Verlon Stamper hadai kwamba aliona mzimu. Anadai tu kwamba Julai alikwenda chuoni, huko Nebraska, kuchukua helmeti ya futiboli ya Kimarekani ya mwanawe Dalton, waliyemzika Machi.

“Mzee, kijana wako alikuwa akiupiga ubao mpaka misumari inaomba radhi,” alisema Gus, mtunza vifaa, akivunja lakiri iliyofunga kabati la Dalton tangu msiba. Kila mchezaji huupiga kiganja, kwa kujitakia bahati, ubao ule uliotundikwa mwishoni mwa ujia, akitoka kwenda uwanjani.

“Mechi zake zote nilikuwa kazini,” Verlon akajibu.

Kule ujiani, gizani, ubao ukapigwa mara moja. Jengoni walikuwa wawili tu. Gus amelithibitisha hilo.

Verlon akaikumbatia helmeti, vidole vikaingia ndani. Sifongo ilikuwa imelowa jasho, nalo lilikuwa bado lina joto.